Diski Ipi Ishike Zamu? Kiswahili Mbele ya Tarakilishi Kuukuu za Meru na Embu

Katika barabara kuu inayozunguka miguu ya mashariki ya Mlima Kenya, kutoka mjini Meru kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes hadi Embu, hazikosekani tarakilishi za mezani zilizokula chumvi nyingi. Zimo katika vibanda vya kupigia chapa na kutoa nakala, katika ofisi za vyama vya wakulima wa kahawa na chai, na katika maktaba za shule za sekondari. Nyingi zilifika humu nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingineko. Shirika la Computers for Schools Kenya, kwa mfano, limekuwa likikarabati tarakilishi za aina hiyo na kuzigawa shuleni tangu mwaka wa 2002. Ni mashine nzito, zenye vumbi la miaka, nazo hazifi upesi.

Tarakilishi hizi zimejikuta katika njia panda. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 inayodai vipuri vipya haizikubali nyingi kati yake. Mwenye mashine asiye na fedha za kununua nyingine hutafuta fundi. Naye fundi aghalabu hupendekeza njia iliyo rahisi: diski ya zamani iachwe mahali pake pamoja na faili zake zote, diski ya pili iongezwe, na ndani ya hiyo ya pili uwekwe mfumo endeshi mwingine, pengine Linux. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Inapokamilika huzuka swali ambalo halikuwapo hapo awali: umeme ukiwashwa, tarakilishi iamke na diski ipi?

Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo dogo ni mtihani mkubwa kwa wataalamu wa Kiswahili kuliko orodha nyingi za istilahi zilizokwisha kuchapishwa, na kwamba mtihani huo haujafanywa.

Ichukuliwe kwamba mhazili wa shule moja ya kutwa viungani mwa mji wa Embu amefungua ofisi siku ya kwanza ya muhula. Anawasha tarakilishi. Taa zinawaka, feni inavuma, kisha kiwambo cheusi kinatoa sentensi moja ya Kiingereza inayodai kwamba hakuna kifaa cha kuanzishia. Anampigia fundi aliye mjini. Fundi anamjibu kwa Kiswahili, kwa maana hiyo ndiyo lugha yao ya kazi, Kiembu kikiingia pale palipo na utani: "Hiyo inawaka lakini haiingii. Mwalimu, zima, washa tena, bonyeza F12, halafu ubuti na ile ya kwanza." Mhazili anajua buti za kuvaa siku ya mvua na buti ya gari inayobeba magunia. Hii ya tatu haijui. Anabonyeza, anaona majina mawili yaliyojaa tarakimu na herufi, anachagua moja kwa kubahatisha. Mashine inaendelea kugoma. Jioni anakuja kijana mwingine aliyeitwa kwa haraka, anaamua kwamba diski imekufa, anaifomati. Alama za wanafunzi za miaka minne zinapotea, ilhali diski ile ilikuwa nzima kama siku iliyotoka kiwandani. Kilichoharibika ni zamu tu.

Mkasa wa aina hii hauhitaji shule mahususi wala fundi mwenye jina. Yeyote aliyekaa katika vibanda vya Makutano mjini Meru au vya Majengo mjini Embu anaweza kuutunga, kwa sababu kila hatua yake ni ya kawaida. Linalostahili kuangaliwa ni mahali ambapo mawasiliano yalikatika. Mhazili alikijua Kiswahili, na fundi vilevile. Hata hivyo, Kiswahili chao hakikuwa na neno la tendo lenyewe.

Tendo hilo si la siri, na linaelezeka. Umeme unapoingia katika tarakilishi ya kale, kitu cha kwanza kuamka si Windows wala si diski. Huamka programu ndogo iliyohifadhiwa katika kipande cha ubao mama, ijulikanayo kwa jina la BIOS. Programu hiyo hukagua viungo vya mashine kimoja kimoja: kumbukumbu, kibodi, kiwambo. Ikisharidhika, huanza kubisha hodi kwenye vifaa kwa kufuata orodha iliyoandikiwa. Katika kila diski husoma sehemu ya kwanza kabisa, yenye baiti 512 tu, na kutazama iwapo mwishoni mwake mna alama maalumu inayoashiria kwamba hapo pana maagizo ya kuanzia. Ikiikuta alama hiyo, huyakabidhi maagizo hayo uongozi wote na yenyewe hukaa kando. Isipoikuta, huenda kwa kifaa kinachofuata. Vifaa vikiisha bila jibu, ndipo hutolewa ile sentensi ya Kiingereza iliyomtia mhazili kiwewe.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba dhana iliyomo humo ni *zamu*. Walinzi wa usiku hushika zamu, na wanafunzi wa bweni hufagia kwa zamu. Diski nazo hupangiwa zamu ya kuulizwa, na ya kwanza kuitika ndiyo inayotwaa usukani siku hiyo. Neno limo katika lugha tangu jadi, halikopwi na halibuniwi. Kinachoitwa kwa Kiingereza mpangilio wa kubuti kingeweza kuitwa *zamu za kuamsha*, na mhazili angeelewa kabla fundi hajamaliza sentensi.

Kadhalika kwa kitenzi. Kwa sasa wasemaji wa Kiswahili nchini Kenya hutumia *kuwasha* kwa mambo matatu yasiyofanana: kuruhusu umeme upite, kuifanya BIOS ijikague, na kuupakia mfumo endeshi kutoka katika diski. Kwa anayeandika barua tu hilo halina madhara. Kwa anayechagua diski, tofauti hizo ndizo kiini cha kazi, kwa sababu uchaguzi unafanyika baada ya la kwanza na kabla ya la tatu. Ndiyo maana mafundi wamejitungia msemo wao, "inawaka lakini haiingii", nao ni msemo wenye uchambuzi wa kisayansi ndani yake. Umetenganisha umeme na mfumo endeshi kwa vitenzi viwili vya kawaida. Mwanaisimu aliyeketi ofisini akilitafakari neno la Kiingereza lenye asili ya vikanda vya buti asingeufikia upesi.

Mgala muue na haki umpe. Wataalamu wa istilahi hawakulala. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limekuwapo tangu 1967, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetoa kamusi na faharasa za fani nyingi. Ni katika chuo hichohicho ambapo mradi wa Kilinux ulizaa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows XP katika muongo huohuo. Nchini Kenya maneno kama tarakilishi, kipakatalishi, kipanya, kiwambo, tovuti na barua pepe yameingia madarasani, na mengine yametoka madarasani yakaingia redioni. Hayo ni mafanikio.

Lakini yatazamwe tena maneno hayo. Yote ni nomino! Ni majina ya vitu vinavyoonekana au kushikika, mithili ya lebo zilizobandikwa juu ya sanduku. Mtu anaweza kuyakariri yote, akapita mtihani, na bado asiweze kumweleza mwenzake jinsi ya kuifanya mashine iamke na diski ya pili. Maarifa ya ufundi hukaa zaidi katika vitenzi, na pia katika vile vijineno vinavyoonyesha mfuatano na sharti: *kabla*, *ikishindwa*, *isipokuwa*, *mara hii tu*, *daima*. Kiswahili kina utajiri wa ajabu katika eneo hilo, kwa vinyambuo vyake na kwa nyakati zake, na ni hapo hasa waundaji wa istilahi walipopita haraka.

Isitoshe, Kiswahili chote cha Jambo OpenOffice na cha Windows kilihifadhiwa ndani ya diski. Diski isipoamka, nacho hulala. Katika kiwambo cha BIOS, pale ambapo mtumiaji yuko peke yake na ana hofu kubwa kuliko wakati wowote, hakuna hata neno moja la Kiswahili. Baadhi ya tarakilishi za HP humruhusu mtumiaji kuchagua lugha katika kiwambo hicho, na lugha za Ulaya zimo. Kiswahili kinasubiri nje.

Umuhimu wa vijineno vya sharti unadhihirika katika utendaji wenyewe. Zipo njia mbili za kuchagua diski, na kuzichanganya ni chanzo cha hasara. Ya kwanza ni ya mara moja: katika Dell na Lenovo nyingi hubonyezwa F12, na katika HP F9, punde tu mashine inapowashwa. Orodha hujitokeza, mtumiaji huteua diski, na uteuzi huo hufa mashine inapozimwa. Ya pili ni ya kudumu. Huingiwa ndani ya BIOS yenyewe, kwa F2 katika Dell, F10 katika HP au F1 katika Lenovo za mezani, zamu zikapangwa upya na kuhifadhiwa. Fundi anayesema "chagua diski" pasi na kuongeza *kwa leo* au *daima* amesema nusu ya jambo.

Kisha kuna mtego ambao umewahangaisha wengi, nao unapatikana hasa katika mashine za kale. Katika baadhi ya BIOS, orodha kuu ya zamu huonyesha *aina* za vifaa tu: kiendeshi cha CD, diski ngumu, mtandao. Diski ngumu zikiwa mbili, ni moja tu inayojitokeza katika orodha hiyo. Ya pili haionekani kabisa, na mwenye mashine hudhani haikuunganishwa vizuri. Kumbe kuna orodha nyingine katika ukurasa tofauti, ambamo diski ngumu zimepangiwa zamu baina yao. Ni foleni ndani ya foleni, kama vile shule inapochagua kwanza bweni litakalofagia, kisha bweni lenyewe likachagua mwanafunzi. Mtu asiyeelezwa hilo kwa lugha anayoielewa atafungua sanduku na kuzichomoa nyaya bila sababu. Wala si ajabu kijiti cha USB kilichosahauliwa nyuma ya mashine kuhesabiwa kuwa diski ngumu na kuruka foleni nzima.

Na kile kisa cha mhazili? Zamu zilibadilika zenyewe vipi, ilhali hakuna aliyezigusa? Ubao mama wa tarakilishi hubeba betri ndogo ya duara, nyingi zikiwa za aina ya CR2032 yenye volti 3, inayotunza saa na mipangilio wakati umeme haupo. Shule hukata umeme kwenye soketi wakati wa likizo, jambo la busara kwa upande wa bili, lakini mwezi mzima betri hiyo hubeba mzigo peke yake. Ikichoka, saa hurudi nyuma miaka mingi na zamu hurejea zilivyotoka kiwandani. Dalili ya kwanza ni tarehe. Mashine inayodai kwamba huu ni mwaka wa 2005 haijapagawa, inaomba betri, na betri hiyo huuzwa kwa bei ndogo mno ikilinganishwa na diski mpya. Anayejua hivyo huyatazama majira kabla ya kulaumu diski.

Jingine ni la wakati wa kuweka mfumo mpya. Windows ikiwekwa katika diski ya pili huku ya kwanza ikiwa imeunganishwa, mara nyingi huyaandika maagizo yake ya kuanzia katika diski ya kwanza. Kila kitu huenda sawa mpaka siku diski ya zamani inapoondolewa, ndipo ile mpya inapokataa kuamka ijapokuwa ina mfumo kamili ndani yake. Mafundi waangalifu huichomoa diski moja kabla ya kushughulikia nyingine. Ni kanuni inayotosha sentensi moja ya Kiswahili, na sentensi hiyo ingeziokoa faili nyingi kuliko nomino hamsini.

Diski za zamani zaidi, zile zenye utepe mpana wa nyaya uliotumika kabla ya SATA kuenea kuanzia mwaka wa 2003, zina funzo lake kwa wafasiri. Diski mbili zilipochangia utepe mmoja, Kiingereza cha mafundi kiliita moja bwana na nyingine mtumwa. Mfasiri wa neno kwa neno angeandika hivyohivyo katika Kiswahili bila kusita. Lakini lugha hii ilikulia katika pwani ambako hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka wa 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, na wapo wazee ambao babu zao waliguswa na sheria hizo. Neno *mtumwa* halijapoa. Mwaka wa 2003 Kaunti ya Los Angeles kule Marekani iliwaomba wauzaji wake wa vifaa waachane na majina hayo. Viwango vya kiufundi vya diski hizo vyenyewe vilikuwa vikisema tu kifaa 0 na kifaa 1. Kiswahili hakina haja ya kurithi kosa ambalo wenyewe wanalikimbia: *diski ya kwanza* na *diski ya pili* zatosha. Na ikumbukwe kwamba ukwanza huo ni wa utepe, si wa zamu. Diski ya pili ya utepe yaweza kabisa kuwa ya kwanza kuamsha mashine.

Wapo watakaopinga juhudi nzima. Watadai kwamba F12 ni F12 katika lugha yoyote, kwamba somo la tarakilishi nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na kwamba mashine zenyewe zinaelekea jaani. Hoja ya mwisho ina uzito kiasi. BIOS ya kale imekwisha kurithiwa na UEFI katika mashine mpya, ambamo mambo kadhaa yamebadilika. Hata hivyo UEFI nayo ina orodha ya zamu, na diski nayo bado huchaguliwa, kwa hiyo kitenzi kitakachopatikana leo hakitazeeka pamoja na sanduku. Ama kuhusu Kiingereza, hakuna anayetaka kukifuta kiwamboni. Kitabaki pale. Hoja ni kwamba maelezo hayatolewi na kiwambo, hutolewa na kinywa cha mtu aliye simuni, na kinywa hicho kati ya Meru na Embu husema Kiswahili kilichochanganyika na Kimeru, Kiembu na vipande vya Kiingereza. Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumwongoza mhazili wa shule kufungua faili za shule ina kasoro, na kasoro hiyo si ya mhazili.

Eneo hili lina nafasi ambayo maeneo mengine hayana. Humu kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Embu. Wanafunzi wa lugha na wa tarakilishi hula katika vibanda vimoja, hupanda matatu zilezile, na hawasomani. Tasnifu huandikwa kila mwaka kuhusu istilahi za tarakilishi, na data hukusanywa kutoka katika kamusi. Ni nadra kwa data hiyo kukusanywa kutoka kwa fundi. Mwanafunzi anayetafuta mada angeweza kukaa wiki mbili pembeni mwa meza ya fundi mmoja Gakoromone, akaandika kila kitenzi kinachotamkwa sanduku likiwa wazi, kisha akatunga karatasi moja ya maelekezo na kumpa mhazili aifuate peke yake, fundi akiwa amenyamaza. Mhazili akikwama katika mstari wa nne, mstari wa nne ni mbovu, hata kama kila neno lake limeidhinishwa.

Karatasi ya aina hiyo ingeweza kuanza hivi: *Tazama kwanza tarehe. Ikiwa imerudi nyuma, badilisha betri. Zima mashine, uiwashe, ubonyeze F12 papo hapo. Utaona orodha ya diski. Chagua diski ambayo mashine itaamka nayo kwa leo. Ikiamka vizuri, ingia BIOS uipe diski hiyo zamu ya kwanza ya kudumu. Isipoamka, usikubali ifomatiwe kabla haijajaribiwa katika tarakilishi nyingine.*

Rasimu hiyo ina mapungufu, na wahakiki hawatakosa la kusema. Kuna mgogoro wa kihusishi, kwa mfano. Tarakilishi huamka *na* diski, huamka *kwa* diski, ama huamka *kutoka* kwenye diski? Cha kwanza ndicho kinacholingana na usemi wa mafundi, lakini chaweza kufahamika kana kwamba mashine na diski zimeamka pamoja. Cha pili kinaifanya diski kuwa chombo. Cha tatu kina harufu ya Kiingereza. Na je, diski ndiyo *inayoamsha*, au BIOS ndiyo inayoamsha na diski *inaitika*? Maswali hayo ni halali ya wanaisimu, na yangefaa kujibiwa mbele ya mashine iliyo wazi, betri ikiwa mkononi.